Miche ya Mgogoni

"Waliotupinga wasubiri serikali yao iwape!" Sheha, kiongozi wa serikali kijijini, alikuwa ameziba lango la kitalu kwa mwili wake. "Tumeshinda kwa sera zetu, tutagawa kwa sera zetu."

"Miche ni ya kila mkulima asiye na kitu, Sheha. Ndivyo tulivyotangaza." Mize, bibi shamba wa Mgogoni, alikuwa ameilea mikarafuu hiyo tangu mbegu.

"Na mkataba wako unakwisha mwezi ujao, binti yangu. Nani atakusemea?"

Mize alitupa macho nje. Nje ya ua walisimama watu wa chama cha upinzani na vikapu vyao. Mjane mmoja, ambaye mikarafuu yake yote ilikauka, alikuwa amepenyeza kidole kwenye wavu. Aligusa jani changa, jekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga.

"Karafuu zao serikali inazinunua," Mize alisema. "Mbona huko haiwaulizi kura?"

"Usinifundishe siasa!"

"Sikufundishi. Nipishe."

Alimsukuma kwa bega, akalifungua lango wazi.

"Karibu, Bi Mkubwa. Ingia uchague mwenyewe," alimwambia mjane, akampakilia kikapuni mche wa kwanza aliouchagua.