Hasi ya Wanzagi

"Hasi iko wapi, Wanzagi?"

Wanzagi alikuna kichwa, akautazama ubao mdogo uliotundikwa sebuleni kwa mwalimu wake, mtaani Bweri. Alitakiwa kugeuza elektroni-volti tano ziwe kilowati-saa. Alikuwa amesahau alama ya hasi kwenye kipeo, kama Jumamosi iliyopita na ile ya kabla yake.

"Kwa hesabu yako, punje isiyoonekana inawasha taa nchi nzima mpaka wajukuu wazeeke," alisema Mwalimu Hyasinta. "Na hapa Musoma hata umeme wa kupigia pasi hatuna!"

"Nasahauga tu, mwalimu. Kichwa changu kigumu."

Walicheka wote. Hicho ndicho kicheko pekee kilichosikika humo ndani wiki nzima. Hyasinta alikuwa amestaafu, mumewe amezikwa, na watoto wako Mwanza, barua zenyewe za kubahatisha. Upweke ulimla.

Wanzagi, mwanafunzi wake wa zamani, alitokea mara tu matanga yalipokwisha. Alisema anafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba huko Bunda, fizikia ilimwangusha, anataka kurudia mtihani. Vumbi jeupe la pamba halikumtoka mikononi. Na mwaka ule chaki ilipoadimika kuliko sukari, walimu wakiandikia makopa ya muhogo, yeye hakukosa kipande mfukoni. Hyasinta hakumuuliza alikoilangua.

Mtihani ulikuwa unakaribia. Hyasinta alijua akimwacha hivi hivi atafeli tena, na Jumamosi zitaendelea. Wazo hilo lilimpendeza, kisha likamtia aibu.

"Nasikia huko kwenu Bunda kuna mwalimu hodari wa fizikia," alisema. "Nenda kwake akusaidie."

"Yule? Mkali bure, mwalimu. Hanifai."

Basi, mbishi hubebwa. Jumatatu Hyasinta alifunga mlango, akapanda pikapu ya Bunda, dagaa wa soko la Mwigobero kwenye kikapu. Ilikuwa zawadi ya kumwombea Wanzagi nafasi kwa huyo mwalimu mkali. Njia nzima aliziona Jumamosi zake zikiisha: birika moja, kikombe kimoja, ubao hauna mwandiko. Machozi yalimtoka, akayasingizia vumbi la barabara. Lakini mtoto wa watu hafugwi kama kuku.

Shuleni alielekezwa darasa. Kabla hajapiga hodi, akasikia sauti ikitokea dirishani.

"Hasi iko wapi, jamani? Mnataka punje isiyoonekana iwashe taa nchi nzima mpaka wajukuu wazeeke?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akageuka kutoka ubaoni, akikung'uta chaki mikononi. Alikuwa Wanzagi.

Hyasinta alirudi nyuma taratibu kabla hajaonekana, kikapu chake kwapani.

Jumamosi Wanzagi alisahau tena hasi, na mwalimu wake akamkaripia mpaka majirani wakasikia.