Mbavu za Bawa la Kushoto

Faiza alikuwa ameshachomeka pasi alipouona ubavu uliovunjika. Bawa la kushoto tena! Mezani kitambaa cheupe kilikuwa kimeshakatwa, tayari kuvishwa ile ndege ya mbao.

"Mursal!" aliita. "Njoo uone alichofanya yule mbuzi wetu!"

Kaka yake alikuja polepole, akakishika kile kipande cha mbao nyembamba. Hakutukana, hakupiga kelele. "Nitachonga mwingine," alisema. "Gundi ikauke, tupake vanishi, halafu tumwite mkaguzi upya."

"Upya? Aabo, baba yetu, ana muda wa upya?" Faiza alichomoa pasi, akaketi sakafuni, akalia bila aibu.

Ndege hiyo Mursal aliiagiza ikiwa vipande vipande ndani ya kreti, enzi zile akiwa fundi wa ndege ndogo zinazotua Dadaab. Aliiunga mwenyewe katika banda la mabati nyuma ya nyumba yao, hapa Garissa, na mtaa mzima ulimcheka mpaka ukachoka. Sasa ilibaki nguo tu: kitambaa kigundishwe juu ya mbavu, kisha kipigwe pasi mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma. Lakini ndege haifunikwi kabla mkaguzi hajaiona mifupa yake na kutia sahihi, na hakuna mkaguzi wa kutilia sahihi mfupa uliovunjika.

Chumba cha mbele alilala baba yao, Mzee Guleid, ini limemwisha. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba Ramadhani haitamkuta. Siku walipombeba hadi bandani, mzee aliyekulia katika aqal, nyumba ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, alicheka. "Kumbe ni aqal! Miti mnayo, mikeka hamna. Ivisheni niione, ndipo niende zangu." Kuvika nyumba kwao ni kazi ya wanawake, na Faiza ni muuza vitambaa sokoni, kwa hiyo aliibeba kazi hiyo kama amana. Kila swala aliomba jambo moja tu: baba yake aione ndege imevaa kabla hajafumba macho.

Ikawa kutwanga maji kwenye kinu. Mara mkebe wa gundi ulikutwa wazi, gundi imekauka. Mara ubavu ulivunjika. Ukatengenezwa, ukavunjika mwingine.

Na mzee naye alikuwa na vituko vyake. Kila kitambaa kilipotandazwa, aliita majirani na kuwaomba radhi, akagawa ngamia wake, akakataa maziwa. Akiambiwa ndege imeharibika, alifura kwa hasira. Aliketi kitandani, akamlaani mbuzi na ukoo wake wote, akadai bakuli la maziwa ili apate nguvu ya kuendelea kulaani. Ramadhani ikaja, ikapita. Idi ikamkuta amevaa kanzu safi, anagombana na watu. Majirani walisema Mungu ni mkubwa. Faiza aliona tu kwamba siku za baba yake zinaibwa.

Mkaguzi, bwana mmoja mpole aitwaye Guyo, alipofika tena kutoka Nairobi alipitisha vidole kwenye bawa lote.

"Mbuzi wenu amesoma," alisema. "Anavunja mbavu peke yake. Huu mhimili, ambao ukivunjika bawa lote limekwisha, hajaugusa."

"Wewe weka sahihi tu, mkaguzi," Faiza alimsihi kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Baba yangu iko karibu kufa, wallahi. Hii ndege hapana ruka leo. Nataka yeye naona tu."

"Mama, nikitia sahihi ubavu mbovu, utamzika kaka yako pamoja na baba yako."

Mursal alisimama mlangoni akitazama chini. Hakusema neno la kumuunga mkono dada yake, na hilo lilimuuma Faiza kuliko yote.

Baada ya hapo Faiza alimuuza mbuzi kwa watu wa lori waliokuwa wakielekea Modogashe. Mursal alichonga ubavu mpya, akaugundisha, akaupaka vanishi. Mkaguzi akaahidi kurudi kesho yake. Faiza akatandaza kitambaa kwa mara nyingine, moyo ukimdunda.

Mzee aliposikia, alimwita bintiye, akamshika mkono. "Nisamehe nilipokukosea," alisema kwa sauti nyepesi. Bakuli la maziwa alilirudisha bila kuligusa.

Faiza alitoka akijifuta machozi. Akaapa kwamba safari hii hakuna jirani mwenye kijicho wala mnyama atakayemharibia. Adhana ya alasiri ilipolia na Mursal akavaa kofia yake akisema anakwenda msikitini, yeye aliingia bandani na fimbo, akajibanza nyuma ya jora la kitambaa.

Hakungoja sana. Mlango ulisukumwa taratibu, mtu akaingia, akapiga magoti chini ya bawa la kushoto. Faiza aliinua fimbo.

Alikuwa Mursal, kofia bado kichwani, ndevu zimelowa machozi. Alipapasa mbavu moja baada ya nyingine, akachagua mmoja, akaushika kwa mikono miwili. Akashindwa kuuvunja.

Fimbo ilimdondoka Faiza. Walitazamana. Kutoka chumba cha mbele baba yao alikohoa, kikohozi kidogo cha mtu anayejiandaa kwa safari.

Faiza aliufunga mlango, akapiga magoti kando ya kaka yake, akaushika ubavu upande wa pili.