Mchicha wa Kiwandani

Kwenye kiwanja cha kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, hata nyasi zilikauka. Mchicha wa Bi Sijali peke yake ulinawiri. Asubuhi hiyo mpimaji wa udongo alimkuta akiuchuma.

"Mama, hapa pamejaa madini ya risasi. Mchicha huu haufi kwa sababu sumu unaificha kwenye majani."

"Majani ndiyo tunayokula, mwanangu."



Bi Sijali aliumwaga mchicha wote, akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Binti yake mjamzito, aliyekuwa akilishwa mchicha huo kila siku ili aongeze damu, alikuwa amekaa mlangoni, amenawiri.

"Mama, mboga iko wapi?"

 Bi Sijali alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la binti yake, akangoja mtoto acheze.