Bega la Kushoto

"Shusha bega la kushoto," alisema mzee Ersilio, amebana pini midomoni.

Fulvio akalishusha. Mabega yake yalikuwa sawasawa tangu azaliwe, lakini nani angebishana na mjomba wake siku kama ile? Alijiambia macho ya mzee yameanza kuchoka, maskini, akazidi kumwonea huruma.

Katika kampuni ya suti ya Scialdone, pale Napoli, urithi haukutangazwa kwa mdomo. Mkuu anayeondoka alimshonea koti yule atakayemfuata, yeye mwenyewe, tangu kukata kitambaa hadi kutia kifungo cha mwisho, na fundi mwingine hakuruhusiwa hata kuligusa. Ndivyo Ersilio alivyoshonewa na baba yake. Sasa mzee ameshika mkasi, na aliyesimamishwa mbele ya kioo ni Fulvio, mtoto wa dada yake.

Angesimama nani mwingine? Ruggero, mwana wa pekee wa mzee, aliyekuwa akiazima suruali za Fulvio ujanani akacheze dansi, aliikimbia sindano akaenda Torino kuuza magari. Jina lake likapigwa marufuku hata mezani. Aliyebaki ni Fulvio, akila vumbi la chaki, akikaripiwa mbele ya wateja, akinyamaza. Mvumilivu hula mbivu. Kampuni moja ya Milano ilipomtaka awe fundi wao mkuu, aliikatalia wiki ileile koti lilipopigwa bandi, mishono ya muda ya kujaribia.

Mkewe, Assunta, hakufurahi. "Mjomba wako amekuahidi kwa kinywa chake?"

"Ananipima kila Alhamisi, mke wangu. Unataka ahadi gani tena?"

Mafundi nao walishaanza kumtania, wakimwita Mkuu na kumpisha mlangoni. Mzee hakusema mengi. Alimwonya tu asinenepe, apunguze tambi, na asimame vile anavyoambiwa.

Jumapili koti lilipokamilika, mzee aliwaita wote karakanani baada ya misa. Assunta alikuja na keki za jibini, amevaa hereni za marehemu mama yake. Fulvio akavalishwa. Sufu ile nyeusi ilimkaa vizuri ajabu, ila upande wa kushoto ilimvuta kidogo begani, naye akashusha bega upesi asije akamwaibisha mzee mbele ya watu. Makofi yakalia. Mzee alimzunguka, akampapasa mgongo, machozi yakimlengalenga.

"Mjomba, sijui nikushukuruje," alisema Fulvio.

"Wa kushukuriwa ni wewe, umenisimamia vizuri," mzee akamjibu. "Sasa livue taratibu, lisikunjamane. Ruggero anafika kwa treni ya saa nane."