Stempu za Jumamosi

"Mzee, funga mlango wa mbele," alisema yule mrefu, na Taherali akaufunga kwa mikono yake mwenyewe, funguo zikimponyoka mara mbili.

Walikuwa watatu. Waliingia na mvua, wamevaa makoti marefu na helmeti za bodaboda zilizoshushwa vioo, na mwanzoni Taherali alidhani ni wateja wanaokimbia kulowa. Hata karibu aliwapa. Kisha mapanga yakatoka chini ya makoti.

Duka lake pale Katoro liliuza sululu, kamba na tochi za wachimbaji. Mauzo ya siku wangeyachukua wakaenda zao, wala asingekosa usingizi. Kilichomkausha mate ni mlango wa stoo, nyuma ya kaunta, ambao alikuwa ameurudishia tu ili upepo usipeperushe stempu. Humo ndani watoto wa klabu yake ya stempu walikuwa wameinamia meza, kila mmoja na kibano chake, wakibandua stempu kwenye bahasha zilizolowekwa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hivi kwamba hawakuwa wamesikia lolote. Wakati wowote mmoja wao angefungua mlango aje kuomba maji mengine ya beseni.

Klabu hiyo aliianzisha yeye, na haikuwa kazi ndogo. Alipita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi, nao wakamcheka. Siku hizi watu wanatumiana meseji, wakamwambia, wewe unataka watoto wetu wakusanye stempu? Akawajibu kwamba watoto hao hao Jumamosi wanashinda kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, wakiyabeba na kuchezea zebaki, na kwamba kwake angalau watajua Fiji iko wapi. Fiji haikumlainisha mtu. Kilichowalainisha ni ahadi aliyoitoa mlango kwa mlango, kwamba mtoto atakayekabidhiwa mzima atamrudisha mzima.

"Dhahabu iko wapi?" aliuliza mrefu.

Taherali akasema hana. Mnene kati yao akacheka ndani ya helmeti. Mji mzima unajua, akamwambia. Kila Jumamosi unajifungia humu, na watu wamechungulia dirishani wakaona lenzi na vibano. Taherali alifungua mdomo aeleze, akaufumba. Angetaja stempu, wangetaka kuziona, na wakiziona wangewaona watoto. Akarudia tu kwamba hana.

Yule wa tatu, mwenye koti la njano, alibaki mlangoni akichungulia barabara. Mnene alianza kumwaga droo. Mrefu alizunguka kaunta taratibu, akauegemea mlango wa stoo kwa mgongo, panga mkononi. Kati ya wote watatu, huyu ndiye Taherali aliyemwogopa zaidi. Wenzake walikuwa wakitafuta mali, lakini huyu alikuwa hatafuti kitu. Alisimama tu pale, akimtazama.

Ndipo mtoto akacheka nyuma ya mlango.

Taherali alikijua kicheko kile. Kilikuwa cha Wema, ambaye hujisahau kila stempu inapobanduka bila kuchanika. Mrefu aligeuka ghafla, akainua panga na kulishusha kwenye kabati la kioo. Vioo vikamwagika sakafuni, balbu na betri zikaviringika kila upande. Akapiga tena na tena, kama mtu aliyepandwa na wazimu, hadi mwenye koti la njano akamwambia apunguze kelele. Stoo ikawa kimya.

Mnene akainua kichwa akauliza mlango ule unaenda wapi.

Kabla Taherali hajapata uongo wa kumpa, mrefu alimzaba kibao kilichompeleka magotini. Akamkunja ukosi wa shati, akamuuliza ufunguo wa sefu uko wapi, na kama anadhani wamekuja kucheza. Sefu ilikuwa upande wa pili kabisa wa duka, chini ya rafu ya kamba. Taherali alitoa ufunguo akaionyesha huku akilia, na hakuona aibu kulia. Alimwomba Mungu wachukue chochote wanachokitaka, hata duka zima, ila mlango ule usifunguke.

Ndani ya sefu hamkuwa na dhahabu. Mnene alizoa fedha zilizokuwamo, akatupa hati ya kiwanja sakafuni, akatukana. Kisha akafuta mikono kwenye koti na kuielekea stoo.

"Mvua inakata," alisema mrefu. "Twendeni kabla watu hawajatoka."

Kweli, kishindo juu ya bati kilikuwa kimeanza kupungua. Mwenye koti la njano hakungoja kuambiwa tena. Aliufungua mlango wa mbele akatoka, na mnene, baada ya kusitasita, akamfuata. Nje pikipiki zikawaka.

Mrefu hakuondoka nao. Alirudi mpaka pale Taherali alipopiga magoti katikati ya vioo, panga bado liko mkononi. Taherali alifumba macho, akaanza shahada. Hakuogopa tena kwa ajili yake. Aliwaza watoto watamkuta katika hali gani watakapotoka, na nani atawapeleka kwao. Alisikia kioo cha helmeti kikiinuliwa, kisha pumzi karibu na sikio lake.

"Niliwaambia ni stempu tu, Mzee, hawakunielewa," ile sauti ikanong'ona. "Wema asiondoke peke yake. Nitakuja kumchukua mwenyewe jioni, kama kawaida."