Kiti cha Kobe

Kiti kilikuwa kimehama tena.

Jana kilikuwa karibu na dirisha. Leo kilikuwa nje kabisa, barazani, na juu yake alikaa Kobe, binti wa darasa la tano, miguu ikining'inia, daftari magotini, uso wa mtu asiye na habari na dunia. Jina la Kobe alipewa na bibi yake kwa utani, kwa sababu ya haraka zake.

"Mbona uko huko?" mwalimu aliuliza kutoka sebuleni, chaki mkononi.

"Huku kuna upepo, mwalimu. Endelea tu, nitasikia."

Siku ya kwanza walikaa meza moja, viwiko vikigusana. Tangu hapo mtoto alikuwa akirudi nyuma kidogo kidogo, anazikimbia hesabu kwa adabu. Na hesabu zenyewe zilikuwa zile zile: nusu kujumlisha theluthi.

Mwalimu naye alikuwa na yake moyoni. Alikuwa mgeni kazini, na mara ya kwanza kusimama mbele ya darasa zima, sauti ilimkauka. Watoto wakacheka. Akatoka mbio, hata mkoba akausahau mezani.

Mwalimu mkuu, mama wa miwani na maneno machache, hakumfukuza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia. "Yuko mtoto wa kaka yangu, anaishi kwa bibi yake. Hesabu za sehemu zimemshinda. Mfundishe peke yake, jioni jioni. Akielewa, nitakurudishia darasa lako."

Kwa hiyo kazi ya mwalimu ilikuwa mikononi mwa Kobe. Na Kobe, jamani, alikuwa mzito.

"Nusu kujumlisha theluthi?"

"Mbili juu ya tano."

"Hebu fikiri. Una nusu mkate, nakuongezea theluthi, halafu unabaki na chini ya nusu? Nani kaula?"

"Bibi," Kobe alijibu bila kupepesa macho.

Bibi, aliyekuwa anashona vifungo pembeni, alicheka hadi sindano ikamdondoka. Mwalimu akajikuta anacheka naye. Hakuwa amecheka tangu siku ile ya mkoba.

Akaomba mkate wa kweli. Kobe aliukata vipande sita vilivyolingana, huku akimtazama paka dirishani. Mwalimu akajiambia: mkono unajua, kichwa ndicho hakijaamka. Basi nitakiamsha. Tangu jioni hiyo akawa hafundishi bila mkate.

Kiti nacho kikaendelea na safari yake. Kutoka barazani kikashuka uani, nyuma ya kamba ya nguo. Mwalimu aliacha kuuliza. Aliuegemeza ubao mlangoni, akawa anafundisha, sauti ikipita juu ya mashuka ya bibi.

"Sijasikia!" Kobe alipiga kelele.

Mwalimu akapaza sauti. Kobe akapiga miayo. Akarusha ndege ya karatasi. Siku moja akacheka, kicheko kile kile cha darasani, cha kumcheka mtu. Mwalimu akapiga hatua moja nyuma. Akautazama mkoba wake. Kisha hasira zikampanda, na zilimfaa.

"Cheka, cheka ushibe," alisema. "Ukimaliza uje ubaoni, ucheke na hii hesabu."

Kobe akafungua daftari. Bibi aliinua macho kutoka kwenye vifungo, akayashusha tena.

"Huyo mzito, mwanangu. Usimwache."

"Simwachi, bibi. Hata tukeshe."

Ijumaa alikuta kiti kiko getini. Jirani alikuwa anapasua mbao kwa msumeno wa umeme, na redio ya mtu ilikuwa inatangaza mpira. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amefika, amekaa na bibi, kikombe cha chai mkononi. Mwalimu akauegemeza ubao mlangoni. Leo ndiyo leo, akajisemea.

Alisimama mlangoni, akainua mkate, akaanza. Nusu ni vipande vitatu. Theluthi ni viwili. Sauti yake ilivuka mashuka, ikavuka msumeno, ikafika getini. Jirani alizima mashine yake ili asikilize.

"Haya, Kobe! Nusu na theluthi, jumla?"

Kobe alikuna kichwa. Akahesabu vidole, akaanza upya. Bibi aliacha kushona.

"Tano juu ya sita!"

Mwalimu alipiga yowe la furaha. Alikimbia uani, akapita katikati ya mashuka, akamkumbatia Kobe pamoja na kiti chake. "Umeweza! Nilikwambia utaweza!" Machozi yalimtoka na hakuona haya kuyafuta mbele za watu. Jirani alipiga makofi bila kujua anashangilia nini.

"Jumatatu uingie darasani kwako," mwalimu mkuu alisema.

Mwalimu aliondoka akipiga mluzi, na safari hii mkoba hakuusahau.

Alipokata kona, Kobe alikibeba kiti na kukirudisha sebuleni, mahali pake pa siku zote. Shangazi yake, mwalimu mkuu, alimmiminia chai.

"Haya, unamwonaje?"

"Yuko tayari. Sauti inafika getini, na nikimcheka hakimbii." Kobe alivuta kipande cha mkate, akakichovya kwenye kikombe. "Ila atakayefuata mpe somo jingine, shangazi. Huyu ni wa tatu sasa, nimechoka kukosea sehemu."