Wazee Sitini, Wote wa Kwanza

Mzee Sifael aliweka karatasi yake mezani, akaweka na ya mkewe, Mama Lukresia, pembeni yake. Zote mbili zilisomeka: Zamu ya 1.

"Binti, mimi ni wa kwanza, na huyu naye ni wa kwanza. Sisi nyumbani tumeshazoea. Lakini huko nje wako wengine hamsini na wanane."

Mwanajuma alichungulia nje ya steshenari yake ya mjini. Kweli, wazee wa Uru walikuwa wamejaa barazani, kila mmoja na karatasi yake, wakibishana nani alizaliwa kabla ya mwenzake. Wawili walishaanza kukunja mikono ya mashati.

Madaktari wa macho waliokuwa wakizunguka vijijini wangefika Uru kesho yake, siku hiyo moja tu, kisha waende zao. Mama Lukresia alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu ambaye hajawahi kumwona sura.

"Shikamooni wazee wangu. Nipeni nusu saa," Mwanajuma alisema, akarudi kwenye kompyuta.

Programu ya kuwasajili wazee aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ilifungua tovuti ya madaktari, ikajaza jina la mgonjwa na namba ya zamu, ikatuma, kisha ikaongeza moja kwenye namba. Aliisoma mstari kwa mstari mpaka akalikuta kosa. Alikuwa ameandika zamu = 1 ndani ya funksheni, kile kipande cha programu kinachomsajili mgonjwa mmoja mmoja. Kila funksheni ilipoitwa, ilisahau ilikofikia, ikaanza upya.

Akaitoa zamu nje. Akaifanya funksheni irudishe namba mpya kila inapomaliza, na ipewe namba hiyohiyo inapoitwa tena. Akawasajili wote upya: moja, mbili, tatu, hadi sitini. Karatasi za mwanzo akazichana mbele yao. Mzee Wenseslaus, mkubwa kuliko wote, akapata ya kwanza, Mama Lukresia ya pili. Hata wale wawili wa mashati wakapeana mikono.

Asubuhi Mwanajuma alipanda Uru kuiona kazi yake. Ukumbini wazee walikuwa wameketi kwa mpangilio, kimya kama wako misani. Alijisikia fahari.

"Namba moja," kompyuta ya mapokezi iliita.

Mzee Wenseslaus akaingia, akatoka akipangusa matone ya dawa. Mama Lukresia akainuka, akipapasa ukuta.

"Namba moja," kompyuta iliita tena.

Mwanajuma akamsogelea muuguzi wa mlangoni. "Dada, namba moja ameshatoka. Anayefuata ni mbili."

Muuguzi akaipokea karatasi ya Mama Lukresia, akaigeuza huku na huku.

"Mbili mmeitoa wapi? Mashine yetu tangu Jumatatu inaita moja tu, na mwenye moja ndiye anayeingia. Jana wazee wa Marangu walikuja wote na moja, saa nne tukawa tumemaliza."